Zamu ya Shamba la Furaha

Baba mpendwa,

Shikamoo. Niruhusu nianze na swali ambalo nimeshindana nalo tangu nije kufundisha hesabu huku Marekani: mtoto anayepata jibu kwa kushikwa mkono na wenzake, tuseme amejifunza? Nakuuliza wewe uliyefundisha shule ya Chinongwe miaka mingi. Goti la Mama limepoa? Mikorosho mmeshaipulizia salfa?

Mimi ni mzima, ila shule yetu inafungwa. Nilikueleza kwamba inaendeshwa na taasisi binafsi kwa mkataba na serikali; matokeo yakidorora, mkataba hauongezwi. Mwaka huu yamedorora tena.

Mwanzoni mwa mwaka niliwapanga wanafunzi kama tunavyolima kwetu: leo wote shambani kwa huyu, kesho kwa yule. Mmoja akikwama, kundi zima lilihamia kwenye swali lake. Furaha, binti wa wakimbizi kutoka Kongo, ndiye aliyeupenda zaidi utaratibu huo.

"Mwalimu, leo ni zamu yangu," alikuwa akiita, "shamba yangu iko na magugu tupu!"

"Yako kila siku magugu!" siku moja mwenzake, Mkongo kama wengi darasani, akamjibu kwa Kiswahili chao. "Unalimaka ao unalalaka?"

Darasa likacheka, na kazi ikaenda.

Siku ya mtihani kila mmoja alikaa peke yake mbele ya kompyuta. Furaha aliacha nusu ya maswali bila jibu. Nilipomuuliza, alinitazama kwa mshangao.

"Nilikwama, Mwalimu. Nikangoja. Hakuna mutu alikuja."

Maneno hayo hayanitoki. Huenda nilimfundisha kungoja badala ya kukokotoa. Huenda pia si hivyo: familia yake imehamahama mwaka mzima, na wengi waliofanya mtihani hawakuwapo tulipoanza. Tena, kabla ya makundi yale Furaha hakuwa akifungua kinywa darasani. Kila nikiegemea upande mmoja, wa pili unanivuta.

Ningepata darasa lilelile mwaka mwingine, pengine ningejua. Sitalipata. Watoto wanatawanywa, na Furaha bado hajaambiwa anapelekwa wapi.

Nisalimie Mama, shangazi Somoe wa Mtua, na kaka Hamisi dukani kwake Ruangwa. Jana Furaha aliniuliza kama huko aendako nako wanalima kwa zamu. Nilimwambia sijui, na ndilo jambo pekee nililomwambia mwaka huu ambalo nina uhakika nalo.

Binti yako,
Zainabu