Cheti cha Kuhamia Usharika

Kariakoo, Dar es Salaam
14 Mei 1957

Kwa Shemeji Anaeli,

Wazee wape shikamoo zangu. Kahawa yako ilifika, ndiyo inayoniinua asubuhi. Mvua imejaza Jangwani na viatu vyangu havikauki.

Yule Mzungu ninayemfanyia kazi bado anachunguza jinsi makanisa yanavyokua mjini. Yeye anakaa na ramani yake, mimi ndiye ninayepiga hodi nyumba kwa nyumba. Kila Mkristo namwuliza anasali wapi, na kama alimkabidhi mchungaji wa hapa cheti cha kuhama alichopewa kwao. Wengi husema kilipotea. Nimechoka kuandika "kilipotea."

Juzi, huko Magomeni, mama mwenye mtoto mgongoni alinifungulia mlango, akamwita mumewe. Akatoka kaka Wilbert.

Mumeo ni mzima, shemeji. Miaka mitatu hii ya kutoandika hakuwa mgonjwa, kama tulivyodhani. Nilimsomea maswali yangu kama mgeni.

"Unasali wapi?"

"Sisali."

"Una mke?"

Akamtazama yule mama. "Ninaye."

"Cheti cha kuhama?"

Akaingia ndani, akarudi na ile bahasha ya mchungaji wetu, uliyoishonea kitambaa siku ya safari ili isilowe. "Mrudishie Anaeli," akasema, akafunga mlango.

Nimeitia humu. Mishono yako yote ipo, hakuna hata mmoja uliofumuliwa.

Kwenye karatasi ya Mzungu nimeandika "kilipotea."

Ni mimi shemeji yako,
Eliasi