Nilisoma Kila Neno, Nikamnywesha Mtoto Dawa Mbili

Kwako Bi Hamisa, mshauri wetu wa gazeti, shikamoo. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, usinicheke kwa mwandiko, nataka msaada wako maana kichwa kimenivurugika na sijui tena kama nijiite mtu anayejua kusoma au la.

Mimi ni mke wa karani, kwetu ni Bukoba, hapa Temeke tulihamia kwa ajili ya kazi ya mume wangu Gozbert, na tangu mwaka jana nimekuwa nikienda darasa la kinamama analofundisha alasiri mwalimu Eufrazia, nikaanza na herufi, nikaingia maneno, hata sasa nasoma ukurasa mzima bila kukwama, na majirani wakajua, ikawa kila mwenye karatasi huja barazani kwangu nimsomee, nami sikufichi, nilifurahi sana, kwa maana nilipofika hapa sikuwa na wa kuzungumza naye, watu walikuwa wakikicheka Kiswahili changu.

Rafiki yangu mkubwa ni Mwajabu, tunapakana ua, yeye hajui kusoma. Siku moja binti yake mdogo, Somoe, alikuwa hajapata choo, tumbo limekaza, analia, Mwajabu akamleta kwangu akasema nitazame kile kijitabu cha afya tulichopewa darasani kinasemaje. Nikapata mahali penyewe, nikamsomea kwa sauti. Kilisema hivi: “Dawa za kufungua tumbo ziko mbili. Ya kwanza ni chumvi ya haluli, nayo ni kali na hufanya kazi upesi. Ya pili ni mafuta ya mbarika, nayo ni laini na huenda polepole.” Basi Bi Hamisa, mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba ukiona kwanza na pili ujue hizo ni hatua, ufuate moja baada ya nyingine, usiruke, nami nikaona ni sawa kabisa, ile kali ifungue, kisha ile laini ipoze, tukatafuta zote mbili, tukamnywesha Somoe haluli, na baada ya haluli tukamnywesha mafuta.

Mtoto aliharisha hata akalegea kama kitambaa kilicholowa, macho yakaingia ndani, akawa hana hata nguvu ya kulia. Tulimbeba kwa kupokezana mpaka hospitali, mimi na mama yake. Alilazwa, akapona, namshukuru Mungu, sasa anacheza. Lakini dresa, yule msaidizi wa daktari aliyetupokea, aliuliza nani alisema apewe zote mbili, nikamwonyesha kijitabu, akasoma, akaniambia, “Mama, hapa unaambiwa kuna hii na kuna ile. Hukuambiwa utoe hii halafu ile.” Nikasoma tena palepale mbele yake, maneno ni yale yale, nikaitikia ndiyo, lakini moyoni sikuona tofauti.

Nyumbani Gozbert akasema niache darasa. Alisema, “Ungekuwa hujui kusoma, mtoto yule angepelekwa hospitali tangu asubuhi.” Yananiuma maneno hayo kwa kuwa ni kweli. Nikaenda kwa mwalimu, naye alisikitika, akanipa habari nyingine nijaribu, inaeleza kwa nini bonde la Msimbazi hujaa maji wakati wa masika, nayo ina kwanza na pili, nikamwambia hizi ni hatua, akasema hapana, hizo ni sababu. Akanipa nyingine ya kupanda mchicha, nayo ina kwanza na pili, nikasema basi hizi ni sababu, akasema hapana, hizo ndizo hatua. Nikarudi nyumbani nalia njiani, mtu mzima mimi.

Na juzi Mwajabu amekuja na karatasi aliyopewa kliniki, anataka nimsomee, huyo huyo ambaye mwanawe nusura nimmalize. Nikamwambia macho yananiuma. Akanitazama, akakunja karatasi yake, akaondoka, na tangu hapo akiniona uani huingia ndani, nadhani anaona namdharau. Bi Hamisa, nimtii mume wangu niache kusoma? Na nisipoacha, mtu anajuaje habari inataka nini kwake, ikiwa maneno ni yale yale?

Ni mimi, Auleria, Temeke.

*

Auleria, marahaba. Mwandiko wako nimeusoma bila kuvaa miwani, kwa hiyo hilo liondoe katika mashaka yako.

Sasa nikugombeze kwanza. Mtoto anayelia tumbo limekaza hupelekwa kwa daktari. Kijitabu hakimwoni mtoto, hakijui umri wake, hakijui amekula nini, na hicho chako hakikutaja hata kiasi cha dawa. Hata ungekielewa sawasawa ukachagua mafuta peke yake, bado ulikuwa unabahatisha na mtoto wa mwenzio. Hapo mumeo ana haki, na usibishane naye.

Lakini anapokuambia uache darasa amekosea. Kosa lako halikutokana na kusoma kwingi. Lilitokana na kusoma kulikoishia katikati.

Mwalimu wako alikupa kanuni fupi mno. Hilo neno “kwanza” kazi yake ni kuhesabu tu. Huhesabu hatua, huhesabu sababu, huhesabu aina za vitu, kama vidole vyako vinavyohesabu mayai leo na wageni kesho. Usiliulize neno moja, iulize habari nzima imekuja kukueleza nini, na mara nyingi mwanzo wake umekwisha kukujibu. Yako ilianza kwa kusema dawa ziko mbili. Anayekuambia vitu viko viwili anakuwekea vyote mbele uvitazame, ndiyo maana ikaendelea kusema hii ni kali na ile ni laini, hii upesi na ile polepole. Hakuna mahali iliposema mpe, wala iliposema kisha. Ilikuwa inalinganisha, mama. Ile ya Msimbazi umeniambia mwenyewe inaeleza kwa nini maji hujaa, basi yote yanayofuata yanajibu hilo kwa nini.

Ukibaki na shaka, igeuze. Soma ya pili mbele, ya kwanza nyuma. Habari ya mchicha ukiigeuza utajikuta unachuma kabla hujapanda, na hapo utajua zilikuwa hatua. Habari ya dawa ukitaja mafuta mbele na haluli nyuma, hakiharibiki kitu. Basi hatua hazikuwamo. Sababu nazo nyingi hugeuka bila kuharibika, hizo utazitambua kwa lile swali zinalolijibu. Jaribu kwa kila ukurasa unaousoma wiki hii, hata tangazo lililobandikwa ukutani, na jioni umweleze Gozbert kwa maneno yako mwenyewe: hapa walikuwa wanalinganisha, hapa wanataja sababu, hapa wanaelekeza kazi. Akusikie ukieleza. Mume anayesikia mkewe akieleza vizuri hatakuwa na haraka ya kumfungia darasa, na akikaza, mwonyeshe barua hii.

Na Mwajabu umemwelewa vibaya kuliko ulivyokielewa kijitabu. Mwanamke aliyerudi barazani kwako na karatasi mkononi, baada ya kumbeba mwanawe amelegea vile, hakurudi kwa kusahau. Alikuja kukuonyesha kwamba amekusamehe, nawe ukamjibu macho yanauma. Angefanya nini tena zaidi ya kuingia ndani?

Nenda kwake kesho asubuhi, wala usitume mtu. Mwambie macho hayakukuuma, uliogopa. Iombe ile karatasi, ukae naye mkekani, umsomee polepole, na ikitaja dawa yoyote mwende wote wawili kliniki mkaulize kabla ya kumnywesha mtu chochote. Ukifika mahali usipoelewa, usipapite. Simama, umwambie hapa sijaelewa. Atakungoja.