Shemeji, Usiruke Mstari

Johannesburg, nyuma ya stesheni ya treni

Dada yangu Tusekile, ugonile, umeamka salama? Mpunga wa Mwaya umechanua? Goti lako limepoa? Mimi mzima kama jiwe la mto Songwe. Viatu vyote vya mji huu, hata vya majaji, vinapita mikononi mwangu, na darasa la nne langu hili hili.

Najua anayekusomea ni shemeji, maana hapo kwenu barua husomwa na mwenye nyumba. Barua zangu mbili za mwanzo, zenye habari hii hii, alizisoma yeye, nawe ukanijibu kwa mkono wake habari za mvua tupu! Hii kaileta Mama Lusekelo, mchuuzi wa vitenge. Nimemsomea mara tano, yote iko kichwani mwake. Shemeji, ukiruka mstari, atakohoa.

Haya, soma kwa sauti: Ambakisye hakuzama Songwe.

Dada, kaa chini. Mwanao yu hai. Shemeji alimfukuza kwa fimbo alipojua moyo wake uko kwa wanaume wenzake, kisha akawaletea shati lililolowa na kuwakalisha matanga. Wali wa msiba akala, akaongezewa.

Kijana alifika kwangu kwa malori, kupitia Karonga. Wiki nzima alinisugulia viatu tu, halafu akasema, "Mjomba, nimechoka kuishi." Mimi niliyewahi kumfukuza simba kwa kandambili, nilitoka mbio peku. Nikamwita jirani yangu, nesi Mama Thandi. Hakumhubiria. Alikaa naye kwenye benchi la wateja, akamwuliza, "Hapo ulipo, uko salama?" Kijana akalia mpaka gundi yangu ikakauka koponi.

Mama Thandi akanigeukia. "Baba, waliofukuzwa kama huyu ni wengi. Wanampigia nani?"

"Wanipigie mimi!" Si nina simu dukani?

Ndivyo ilivyoanza. Namba tukaibandika kliniki na kwenye vituo vya basi. Siku ya kwanza, kimya. Ya pili akapiga binti aliyefungiwa nje na mamaye. Leo tuko sita, tunapokezana. Nawaambia watu mwanzilishi ni mimi. Mama Thandi anasema nilianzisha kelele tu. Lakini hodari kutupita sote ni mwanao.

Shemeji, mbona umenyamaza? Mama Lusekelo, kohoa.

Nilitaka kuja na panga. Nimepata dawa chungu zaidi. Nendeni posta ya Kyela mkampigie mwanao, namba anayo Mama Lusekelo. Dada, zungumza kwanza, mpaka uchoke. Kisha mpe mkono wa simu shemeji, majirani waliokula matanga wakiwa wamesimama pale. Ambakisye hatakutukana, shemeji. Atakuuliza anachowauliza wote: "Hapo ulipo, uko salama?" Umjibu, mkeo akikutazama.

Nisalimie mama mdogo, mfinyanzi wa Ikombe. Na mchungaji aliyeongoza ibada bila maiti: mahubiri nasikia yalikuwa mazuri, ila arudishe kuku.

Ndimi mdogo wako, fundi viatu mwenye simu,
Anyosisye

Shemeji, hata jina langu lisome.