Haigawanyiki, Ulisema

Dada Otilia,

Shikamoo. Ya leo ni ya mdomoni tu, nakwambia mapema ili usijisumbue kuitikia.

Tumemaliza arobaini yako. Wageni walipoondoka, mimi na Mama tulibaki Mpitimbi tukipukuchua mahindi, nikaikumbuka namba yetu: 1,234,567. Tuliiandika kwa mkaa kwenye mlango wa stoo tulipokuwa wadogo, ukasema tutafute kama ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Mbili haikuingia, namba ni witiri. Tatu haikuingia, maana jumla ya tarakimu zake ni ishirini na nane. Tano, hapana. Saba, kumi na moja, kumi na tatu, tukaendelea kwa namba tasa tu mpaka mlango ukajaa na Mama akagomba. Tuliishia 113. Ulisema lazima tufike kwenye kipeuo chake cha pili, kama 1,111 hivi, ndipo tuwe na uhakika.

Ukaenda bwenini Songea mjini. Uliporudi likizo nilikukimbilia kabla hujashusha begi. "Nimemaliza zote, mdogo wangu. Haigawanyiki."

Nilikuamini. Nikaringa nayo shuleni, nikapenda hesabu, na leo nafundisha hesabu hapa Bombambili kwa sababu yako. Sikuwahi kuirudia. Ya nini, wakati dada yangu kasema?

Basi siku hiyo ya arobaini nikachukua simu, nikasema nimuenzi marehemu, nianzie tulipoishia. Baada ya 113, namba tasa inayofuata ni 127. Nikagawanya. Ikatoka 9,721, bila baki. Ya kwanza kabisa, Dada. Hukujaribu hata moja.

Nilicheka, Mama akaniangalia vibaya. Halafu kicheko kikanikauka, maana nilikumbuka nilivyokupigia mwaka jana kukuuliza habari za ule uvimbe uliokutokea. Ulinijibu kwa sauti ile ile kwamba umemaliza vipimo vyote na hakuna kitu. Nikaenda zangu Lusewa kulima, likizo nzima, moyo mweupe.

Nikambana shemeji. Akainamisha kichwa. "Alipima mara moja tu. Alipoambiwa arudi, hakurudi. Aliniapisha nisiwaambie wewe na Mama."

Namba ningekusamehe. Ulikuwa msichana, bwenini kuna mambo mengi. Lakini hili linaniuma. Kila Jumapili baada ya misa nilikupigia, tukacheka mambo ya kipuuzi, na wewe unajua. Mimi nilikuwa nani kwako, mtoto wa kubembelezwa? Usiniambie ulitaka nisihangaike. Ningehangaika, ndiyo, na ningekupeleka hospitali hata kwa kukukokota.

Shemeji anasema nesi alishauri na sisi ndugu zako tupime, kwa kuwa ugonjwa huu unaweza kuwa wa ukoo. Naogopa, Dada. Nadhani sasa najua ulivyoogopa, ila hasira haijapungua.

Jumatatu nitakwenda. Nikiambiwa nirudi, nitarudi. Na majibu nitampa Mama siku hiyo hiyo, yawe mazuri au mabaya, na kama ni ya kulia tutalia wote wawili, tumeshikana. Hiyo ni ahadi.

Pumzika, Dada yangu. Ulitunyima nafasi hiyo. Sisi tumekulilia ukiwa husikii.

Mdogo wako,
Fausta