Namba Moja Hapandi Paani

Bi Jawaher, nakuandikia kwenye safu yako ya ushauri nikiwa chooni ili wenzangu wasione, nisaidie. Sisi ni mafundi sita wa viyoyozi, Waganda, tunakaa chumba kimoja huku ughaibuni, mtaa wa Darsait, na kila siku mmoja lazima apande paani kuosha mashine za nje, kule sakafu inaunguza hadi soli ya kiatu, watano wanabaki ndani kwenye ubaridi, na zamani tulipiga kura kwa vikaratasi kutoka kofia ya kazi mpaka mimi niliyeishia darasa la saba nikajifunza programu kwenye simu nikawacheka, kofia ni ya washamba, kompyuta haina ndugu. Nikaiamuru itoe namba yoyote kati ya moja na sita, pamoja na desimali, kila mahali nafasi sawa, kisha ikadirie kwenye namba nzima iliyo karibu. Namba ikitoka, mwenye nayo anapanda: mimi namba moja, mwenzetu Mayanja sita. Wakawa wanasema Kasule ana bahati, basi nikaichezesha peke yangu mara elfu kumi: mbili hadi tano kila moja ilitoka kama mara elfu mbili, moja na sita kama elfu moja tu, maana wa katikati wanazoa desimali za pande zote mbili na sisi wa pembeni upande mmoja. Nikanyamaza wiki tano. Jumatatu Erukana, namba tatu, alianguka kule juu kwa joto, sasa amelala anatapika, na bado ananitania, "Ssebo, bwana wangu, mashine yako inanipenda." Nisahihishe kimya kimya, au niseme wanipige?

Kasule, Darsait

Kasule, wa kuhurumiwa ni Erukana. Wewe nna maneno nawe. Kosa la kwanza nakusamehe, hata waliosoma hulifanya. Lakini ulipochezesha mara elfu kumi ukaona, ujinga uliisha, ikaanza khiyana. Wiki tano unakaa kwenye ubaridi wa watu unaita bahati! Eti kimya kimya. Unataka kufuta kosa la programu na khiyana yako kwa tambara moja?

Leo hii mpeleke Erukana kwa daktari. Ukirudi waite wote, na Mayanja ambaye hakujua, uwaonyeshe hizo elfu kumi. Ukiitaka tena mashine, ichague namba ya desimali kutoka sifuri hadi pungufu ya sita, ikate desimali, ijumlishe moja. Ichezeshe mbele yao, namba zote zitoke karibu sawa. Wakikataa, rudisheni kofia. Vikaratasi sita vilivyokunjwa sawasawa vilikuwa na hesabu safi kuliko yako, bwana mtaalamu, wala havikuomba chaji.

Wakitaka kukupiga, mie simo. Kesho usichezeshe kitu. Mpaka Erukana asimame, paa ni lako. Chukua ngazi.