Mbegu Nyekundu za Harusi ya Fatu

Rahaleo, Mtwara

Kwako Dada Rukia,

Assalaam alaykum. Nakusalimu wewe kwanza, kisha shemeji na wanao. Mama nitamsalimia peke yake huko mwisho. Vipi mguu wake? Bado anaukanda kwa mafuta ya mnyonyo, au amekubali kwenda hospitali? Na huko Kondoa mvua imeshika, au bado mnatazama mbingu tu? Sisi huku tupo. Baba Nuru anaamka na chaki na kulala na madaftari ya wanafunzi, kama kawaida yake.

Dada, siku ile nilipopiga simu nikasema Nuru alilazwa kwa tumbo na sasa ameruhusiwa, uliniuliza, "Tumbo gani hilo?" nami nikageuza maneno. Nilimsikia Mama akikohoa pembeni yako, na presha yake naijua. Ndiyo sababu naandika. Barua hii anakuja nayo mwalimu mwenzake na Baba Nuru anayekwenda likizo kwao huko Kondoa. Isome peke yako kwanza, halafu uone kipi cha kumwambia Mama na kipi cha kumeza.

Jirani yetu Bi Somoe, ambaye ua wake na wetu ni mmoja, alikuwa anamwoza binti yake Fatu. Mume ni kijana wa upande wa Kilambo, karibu na Mto Ruvuma. Wazee wake walivuka zamani kutoka Msumbiji wakalima hapo hadi leo. Mikorosho ya Bi Somoe mwaka huu haikuzaa, na kukodi wapambaji wa mjini lilikuwa jambo la kuota. Nikamwambia, "Mama Fatu, usihangaike. Nyumba hii tutaipamba kwa mikono yetu." Nilisema hivyo kwa kujiamini, maana wewe ndiye uliyenifundisha kwamba nyumba haipambwi na pesa bali na jicho.

Basi tukaanza. Kwa fundi cherehani tuliokota vipande vya vitenge, tukashona vifuko vidogo vya kufunga kwa utepe, tuvijaze korosho za kukaanga, kila mgeni aondoke na chake. Makopo ya maziwa tuliyazungushia kamba ya katani yakawa ya kuwekea maua. Maua yale ya maganda ya mahindi uliyonifundisha yalinishinda, maganda hayakupatikana ya kutosha, kwa hiyo niliyakata kwenye karatasi za mifuko ya saruji nikayachovya katika rangi ya ukili wa mikeka. Ungeyaona, ungenipigia vigelegele. Vifuu vya nazi tulivisugua kwa msasa mpaka vikang'aa, vikawa vya kufukizia udi. Fatu, ingawa mwali hatoki nje, alikuwa akishona nasi chumbani, na mikono yake ni myepesi kuliko ya wote.

Siku chache kabla ya harusi akaja shangazi wa bwana harusi, Bi Awetu. Ni mama wa makamo, mrefu, Kiswahili chake kina Kimakua ndani, na hapendi kusema sana. Alileta kopo limejaa mbegu nyekundu zenye doa jeusi upande mmoja, zinang'aa kama zimepakwa rangi. Huko kwao wanazichuma porini. Akasema, "Hizi mtundike juu, mlangoni kwa mwali. Ni za kutazama. Si za kushika."

Akaondoka. Mmoja wetu akabana pua akamwigiza, "Si za kushika," tukacheka. Tulidhani ni maringo ya upande wa mume. Hakuna aliyeuliza kwa nini si za kushika, hata mimi. Tukazitoboa kwa sindano iliyopashwa moto, tukazitunga kwenye nyuzi ndefu, likawa pazia la mlango. Dada, lilikuwa zuri. Kila aliyeingia alisimama kulitazama.

Asubuhi ya harusi nilikuwa barazani nafunga vifuko. Nuru nilimwacha chumbani kwa Fatu, anampenda mno, ndiye anayemwogesha siku nikiwa na kazi. Nikamwona mwanangu anatoka taratibu, uzi unaning'inia mkononi, na nyuma yake mbegu nyekundu zinadondoka sakafuni moja moja. Nikatabasamu. Naam, nilitabasamu, nikadhani kapambwa bangili.

Wakati huohuo wanawake wa upande wa mume walikuwa wanaingia uani na masinia yao kichwani. Bi Awetu alikuwa mbele. Alipomwona Nuru alilitupa sinia, wali na mchuzi vikamwagika, akamrukia mtoto na kumtia kidole mdomoni. Mimi nikapiga kelele, "Unamfanyaje mwanangu!"

Akatoa kipande cha ganda jekundu, kimevunjika. Akakishika mbele ya macho yangu.

"Kaitafuna," akasema. "Hii inaua, mama. Hii inaua mtoto."

Baba Nuru alitoka mbio kutafuta bajaji. Bi Awetu hakulia wala hakusali kwa sauti. Alipiga magoti, akaokota mbegu zote zilizokuwa sakafuni na chini ya mkeka, akaanza kuzirudisha kwenye ule uzi. Nilitaka kumpokonya, nikaona amepata wazimu. Kumbe alikuwa anapima. Bangili ilipojaa, kati ya mbegu ya mwisho na fundo pakabaki mwanya mdogo, haufiki upana wa kucha. "Moja," akasema. "Labda moja tu. Twende." Akapanda bajaji pamoja nasi, na gauni lake la kuendea harusini limejaa mchuzi.

Hospitali tulipokelewa na daktari wa kike, bado kijana. Akaitazama bangili.

"Mbegu zilikuwa nzima?"

"Tulizitoboa kwa sindano," nikajibu.

Aliacha kuandika. "Ikiwa nzima, mara nyingi hupita tumboni ikatoka ilivyo, ganda lake ni gumu. Ikitobolewa au ikitafunwa, sumu inapata njia."

"Dawa yake ipo?"

"Ya kuiua sumu yenyewe, hakuna. Tutampa mkaa wa dawa, tumtundikie maji, tumwangalie."

"Mpaka lini?"

"Mama, siku hizi mbili tatu ndizo zitakazosema."

Nuru wakati huo alikuwa anacheza na kishikizo cha kitanda. Hilo ndilo lililonivunja. Mtoto anacheka, na wewe unamwangalia kama unamuaga. Kabla ya adhuhuri akaanza kutapika, na kucheka kukakoma.

Mara akaingia Mzee Bakari, baba mkubwa wa Fatu, ndiye aliyesimama badala ya marehemu baba yake kumwoza. Alikuja na wanaume wawili. Hakunisalimu, alimwendea Bi Awetu moja kwa moja pale alipoketi kwenye benchi la wodi.

"Ninyi watu wa ng'ambo ya mto mmetuletea sumu nyumbani," akasema. "Mtoto wa watu yuko pale. Nikah haifungwi leo, na kwangu mimi haifungwi kabisa."

Nilijua kwamba Bi Awetu alituonya. Nilijua kwamba yeye ndiye aliyemtoa Nuru lile ganda mdomoni. Lakini Dada, sina la kukudanganya. Nilikuwa nimemshika mtoto na ndani yangu nilitaka awepo mtu wa kulaumiwa. Nikasema kwa shida, "Baba, alituambia si za kushika."

"Basi nani aliyemfunga mtoto mkononi?" akafoka. "Zilitembea zenyewe?"

"Ni mimi, Baba Mkubwa."

Tukageuka. Alikuwa Fatu. Mwali, siku ya harusi yake, amevaa baibui juu ya nguo za nyumbani, kandambili za mama yake miguuni, maua ya piko mikononi bado mabichi upande mmoja na upande mwingine yamechafuka. Bi Somoe nyuma yake anahema, anamvuta, hamwezi.

"Nilimtungia bangili asubuhi hii," Fatu akasema. "Nilitaka awe na zawadi yake kabla sijaondoka. Siku alipozileta, Bi Awetu aliingia chumbani akanionya mimi mwenyewe, mara mbili. Nilidhani ananinyima."

Fatu akanijia mimi. Niseme ukweli, Dada, mkono ulinyanyuka. Ningempiga pale pale, mwali na piko zake. Nuru ndiye aliyemwokoa, alianza tena kutapika, na mimi mkono mmoja umeshika mpira wa dripu ya mtoto. Fatu akashika beseni. Alishika mpaka mwisho, akaenda kulisafisha, akarudi, akashika tena, piko ikamtoka yote ikabaki madoa. Hakusema samahani. Nadhani aliliona neno lenyewe dogo mno.

Adhana ya alasiri ilipolia nikamwambia, "Nenda kaolewe."

"Siendi, Mama Nuru."

"Nenda. Ukikaa hapa hutamponya. Na huyu mama," nikamwonyesha Bi Awetu, "mtamtia aibu kwa watu wake kwa kosa lisilo lake."

Mzee Bakari alimrudia Bi Awetu. Ni mtu mgumu, nywele zimekuwa nyeupe hajawahi kumwomba mtu radhi. Mwishowe akasema, "Dada, nimekukosea mbele za watu. Nitalisema hilo mbele za watu." Bi Awetu akajibu, "Mtoto kwanza." Basi. Nikah ilifungwa jioni bila ngoma wala tarumbeta, na naambiwa kabla ya khutba Mzee Bakari alisimama akasema alichoahidi. Bi Awetu hakuwepo kusikia. Alikuwa nami wodini, anamlowesha Nuru midomo kwa kitambaa.

Siku zilizofuata sitaziandika zote. Alitoka damu chooni. Macho yakaingia ndani, ngozi ukiifinya inabaki imekunjana. Baba Nuru akawa anazunguka nje ya wodi. Nilipanga kichwani namna ya kumwambia Mama, nikaona hakuna namna. Kisha asubuhi moja Nuru alifumbua macho, akamwona mgonjwa wa kitanda cha pili anakula, akasema, "Muhogo." Sauti kama ya paka. Bi Awetu akatoka nje ndipo akalia, nilimsikia dirishani. Daktari alisema inaonekana alimeza kipande kidogo tu, kingine ndicho kile kilichotolewa mdomoni. Mbegu ingeingia yote, asingeniahidi kitu.

Tuliporudi nyumbani pazia lilikuwa limekwisha kushushwa. Mbegu zote zilitumbukizwa kwenye shimo la choo. Maua ya mifuko ya saruji bado yapo kwa Bi Somoe, ameyaacha.

Sasa nakuomba, Dada. Wewe na wenzako wa kikundi mnatunga shanga na mapazia ya kuuza. Mbegu yoyote msiyoijua, hata iwe nzuri vipi, muulizeni aliyeichuma, na akiwaambia si ya kushika, muulizeni kwa nini. Ukiziona hizi nyekundu zenye doa jeusi usizitie nyumbani kabisa.

Msalimie shemeji, baba wa watoto wako. Msalimie Baba Mdogo Juma, mwambie redio yake Baba Nuru ameipatia kile kifaa, kitakuja na mtu. Mjomba Athumani wa dukani msalimie sana, na yule binti yake aliyejifungua. Mama mpe shikamoo yangu, umwambie Nuru anatembea na anampigia kelele kuku wa jirani; hilo ni kweli, humdanganyi.

Jana, kabla sijaketi kuandika, Fatu alikuja kutoka kwa mumewe. Ni mara ya kwanza tangu siku ile. Alimletea Nuru mwanasesere aliyemshona kwa vipande vya kanga, ndani katia sufi. Hakuna kifungo wala shanga. Macho na mdomo kavidarizi kwa uzi. Aliuvuta kila mshono mbele yangu, kwa nguvu, nione hautoki. Nuru akampokea, akamtia mdomoni papo hapo. Fatu akaruka kumnyang'anya. Nikamshika.

"Mwache," nikamwambia.

Tukakaa mkekani tumeshikana mikono, tukimwangalia anatafuna.

Ni mimi mdogo wako,
Mwajuma, Mama Nuru