Nilijificha Jikoni Binti Yangu Akibarikiwa Uchungaji

Bi Zakia mpendwa, nakuandikia nikiwa nimejifunika shuka, pua inachuruzika, na nakuomba unisaidie kabla ya Jumapili kwa sababu nimemkosea mwanangu na sijui nitamtazamaje usoni.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mjane, naishi Mlola, na kwa miaka thelathini na moja nilikuwa mwalimu ambaye watoto walimwogopa, maana kila asubuhi mstarini nilikagua kucha, nywele, kola na pua, na mtoto aliyekuja na kamasi nilimrudisha bombani wenzake wakimwangalia, na sisemi hivi kwa kujisifu, ingawa kweli najisifu kidogo, kwa sababu hata leo nikipita sokoni mtu mzima mwenye watoto wake huchomekea shati haraka akiniona. Ndivyo nilivyomlea binti yangu wa pekee, Evelina, na Mungu akamwinua, wiki mbili zilizopita amebarikiwa kuwa mchungaji, mwanamke wa kwanza kutoka kijiji chetu, na mimi kitenge cha siku hiyo nilikishonesha miezi miwili kabla, nikakitundika ukutani, nikawa nakitazama kila nikiamka.

Ijumaa nilishuka Lushoto kuchukua kilemba kwa fundi, manyunyu ya mwezi wa saba yakanishika njiani, na Jumapili nikaamka sauti imekauka, macho yamevimba, pua imechubuka kwa kupangusa na karatasi za chooni. Nikapaka poda, ikapasuka kama udongo wa kiangazi, nikaongeza nyingine, ikawa vibaya zaidi. Shemeji yangu Eliudi akaja kugonga, "Zipora, gari linatungoja," nikaenda, Bi Zakia, lakini kufika kanisani nikaona wageni, kamera, wachungaji kutoka kila upande, na wanafunzi wangu wa zamani wamejaa mabenchi, basi nikazunguka nyuma moja kwa moja hadi jikoni kwenye masufuria ya pilau nikajifanya nasimamia wapishi. Wazazi walipoitwa wasimame karibu na watoto wao upande wa Evelina akasimama Eliudi peke yake. Nilichungulia dirishani nikamwona Evelina akigeuka kutazama mabenchi, akageuka tena, na tena, ndipo akapiga magoti.

Baada ya ibada alinikuta huko jikoni, amevaa kanzu yake na kola nyeupe shingoni.

"Mama, ndiyo umekaa huku?"

"Mafua, mwanangu. Ningekuaibisha mbele za watu."

"Watu nilikuwa nao wengi, mama. Niliyekuwa namtafuta ni mmoja." Akanifunga vizuri kilemba kilichokuwa kimelegea, akaenda kusalimia wageni.

Tangu siku ile anapiga simu, shikamoo mama, umekula, haya usiku mwema, basi. Sasa Jumapili hii anakuja kuhubiri kwa mara ya kwanza hapa kwetu, na mimi mafua hayajaisha, tena kikohozi kimeongezeka, na dada yangu Secilia anasema mama wa mchungaji hawezi kukaa mbele za watu akipenga kamasi, afadhali niseme nimeitwa Mazinde kuuguza mgonjwa. Niende au nisafiri? Na kama ni kwenda, mtu aliye katika hali hii anajiwekaje hadi aonekane mtu?

Mwalimu Zipora, Mlola

*

Shikamoo, Mwalimu. Umenizidi umri, kwa hiyo nimetanguliza heshima. Sasa nakugombeza.

Hukujificha kwa sababu ya mafua. Ulijificha kwa sababu ya majivuno. Wale watoto uliowapeleka bombani walinawa wakarudi mstarini, hukumwambia hata mmoja akakae jikoni. Wewe zamu yako ilipofika, hukurudi.

Safari ya Mazinde ifute. Umdanganye mchungaji, tena uliyemzaa mwenyewe? Na dada Secilia msalimie sana, umwambie safari hii anyamaze.

Pole lakini. Najua ilivyo kuamka na uso usioutambua siku uliyoingoja miaka yote. Na fahari yako ya unadhifu sikuambii uitupe, kijiji kizima kinachomekea shati kwa ajili yako! Mgonjwa naye ana haki ya kupendeza. Basi sikiliza.

Kesho asubuhi nenda kituo cha afya. Kikohozi cha wiki mbili hakitibiwi kwa poda. Ukirudi ulale, shamba halitakimbia. Maji ya moto na tangawizi unywe mara kwa mara. Karatasi za chooni ziache chooni. Chukua kanga kuukuu iliyolainika, kata vitambaa sita, vifue, vipige pasi, na puani paka mafuta ya mgando asubuhi na jioni, ngozi itarudi. Jumapili poda usiiguse. Osha macho kwa maji baridi, na huko kwenu hayo hamyatafuti. Vaa kilemba cha manjano au chungwa karibu na uso, maana nyeupe humfanya mgonjwa aonekane katoka wodini sasa hivi. Sweta safi ndani ya kitenge, hereni masikioni. Ukiwa karibu na wazee na watoto vaa barakoa, na salamu zako ziwe za mkono kifuani, usigawie watu mafua kanisani. Kaa benchi la pili, pembeni, karibu na dirisha.

Lakini kabla ya yote hayo mpigie Evelina leo. Usimtajie mafua. Sema, "Niliona aibu, nikakukosea, nisamehe." Ukishasema hayo, nusu ya homa itashuka.

Zakia

*

Gazeti lingemfikia Mwalimu akiwa amechelewa, kwa hiyo maneno haya nilimsomea kwa simu Jumatano. Jumatatu iliyofuata alinitumia ujumbe, na kwa ruhusa yake nauweka hapa:

"Zakia mwanangu, nilimpigia jioni ile ile. Nilisema ulivyoniagiza, akalia, na mimi nikalia. Kituo cha afya wamenipima, wanasema kifua ni kizima, wamenipa dawa. Jumapili nilikaa benchi la pili. Katikati ya mahubiri nikapiga chafya hadi wanakwaya wakageuka. Evelina akakatiza mahubiri. 'Pole, mama,' akaniambia kutoka mimbarini, kisha akawageukia watu: 'Huyo ndiye aliyenifundisha kusoma kitabu hiki ninachowasomea. Mama, simama wakuone.' Nikasimama. Sauti sikuwa nayo hata ya kusema asante. Nikasimama tu, muda mrefu kuliko alivyoniomba."